Pete na Chanda Chake

Msomaji wangu, kitu kisichofaa kabisa hakina hatari kubwa, kwa kuwa hukataa mara moja. Ufunguo wa jirani ukiwa mpana kuliko tundu la kufuli lako, hutahangaika nao. Utauweka kando utafute mwingine. Lakini ufunguo unaoingia, ukazunguka robo, kisha ukakwama, huo ndio uvunjao kufuli. Katika insha hii nataka kukueleza habari ya vitu viwili vinavyokaribia kufaana ilhali havifaani, na jinsi mtu awezavyo kuvitambua kabla havijamtia hasara. Vitu hivyo ni hesi za mabomba. Mahali nilipojifunza kuzitazama kwa makini ni Olkaria, katika Bonde la Ufa, kusini ya Ziwa la Naivasha.

Hesi ni ule mfuo unaouzunguka mwili wa parafujo, au unaozunguka ndani ya tundu la nati. Mafundi wengi wa kwetu huuita uzi. Hesi ya parafujo ina kazi moja, nayo ni kushika. Hesi ya bomba ina kazi mbili: hushika, na tena huzuia kilichomo ndani kisitoke nje, kikiwa ni maji, mafuta, hewa au mvuke. Kwa sababu hiyo hesi nyingi za mabomba hazikuchongwa sawa toka mwanzo hadi mwisho, bali zimechongoka: nyembamba kwenye ncha, nene kuelekea nyuma. Kadiri unavyozungusha ndivyo zinavyobanana, mpaka chuma kikakutana na chuma na njia ikazibwa.

Olkaria ni jina la Kimaasai litokanalo na ule udongo mwekundu wa kujipaka. Mwaka 1956 visima viwili vya kwanza vilitobolewa hapo kutafuta mvuke wa ardhini, na mwaka 1981 mtambo wa kwanza wa umeme, wenye nguvu ya megawati 15, ulianza kazi. Tangu hapo mitambo imeongezeka mmoja baada ya mwingine. Leo mgeni apitaye huko huona mabomba makubwa yakipanda na kushuka vilimani, na kila baada ya masafa bomba huinuka na kupinda kama kizingiti cha mlango, ili chuma kipate nafasi ya kutanuka kinapopata moto. Twiga na punda milia hupita kando yake bila ya kushtuka.

Mabomba makubwa yale yameunganishwa kwa kuchomelewa. Lakini vipimo vidogo vilivyopachikwa juu yake, pamoja na vali zake, aghalabu hukazwa kwa hesi. Na hapo ndipo mataifa hukutana. Mashine za kwanza za kufua umeme hapo Olkaria zilitoka Japani. Ujuzi wa kutoboa visima virefu ulizaliwa katika kazi ya mafuta ya petroli, ambayo vipimo vyake vingi ni vya Marekani. Mabomba ya maji ya nyumbani nchini Kenya, kwa upande wake, hufuata kipimo cha Uingereza. Basi fundi mmoja, katika kisanduku kimoja cha vifaa, aweza kuwa na hesi za nchi tatu, zote zikiitwa kwa jina moja, "nusu inchi" au "robo inchi," na zote zikimeremeta kwa namna moja. Nilifanya kazi ya matengenezo huko kwa miaka kadhaa, na somo la kwanza nililopewa lilikuwa hili: jina la kiungo si ushahidi.

Somo hilo nililipata kazini, lakini thamani yake niliiona uani kwa mzee mmoja wa Naivasha, rafiki wa marehemu baba yangu. Mzee huyu alikuwa na gari kuukuu aina ya Datsun 1600, alilolinunua mwanzoni mwa miaka ya 1970. Wakati huo gari la aina hiyo lilikuwa na sifa kubwa Afrika Mashariki, kwa kuwa Datsun 1600 SSS ndiyo iliyoshinda mashindano ya Safari mwaka 1970, ikiendeshwa na Edgar Herrmann pamoja na Hans Schüller. Mashindano hayo yalianza mwaka 1953, na yaliporudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021 makao yake yalikuwa Naivasha, hata vumbi la Hell's Gate likajulikana ulimwenguni. Lakini mzee hakulipenda gari lake kwa ajili ya mashindano. Gari lile ndilo lililompeleka mkewe hospitali ya Nakuru kuwazaa watoto wao wanne, na mkewe alikuwa amekwisha kufariki. Gari lilikuwa limekaa bandani miaka kumi na mmoja. Aliazimu kulifufua.

Kazi ilichukua muda wa miezi sita ya Jumamosi na Jumapili. Tuliitoa injini, tukaifungua, tukaisafisha, tukabadilisha ringi za pistoni na beringi, na silinda zikachongwa upya. Bloku ya injini hiyo ni ya chuma cha kusubu, yaani chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa katika kalibu. Chuma hicho ni kigumu na huvumilia uzito, ila hakipendi kutanuliwa kwa nguvu, hakinyooki, hupasuka. Na bloku ya namna ile haitengenezwi tena kiwandani. Ikipasuka, mtu hutafuta mabaki ya gari jingine lililokufa, naye huenda asiyapate.

Kando ya bloku pana tundu dogo linalofika katika mfereji wa oili. Hapo hukazwa swichi inayowasha taa nyekundu oili inapokosa shinikizo. Taa ile husema mambo mawili tu, kuna au hakuna, na mara nyingi husema "hakuna" wakati mambo yamekwisha kuharibika. Mzee alitaka kipimo chenye mshale na tarakimu. Alikuwa na haki. Oili ikikosa shinikizo, krankishafti, ule mtaimbo uliopindapinda unaozungushwa na pistoni, husagana na beringi zake chuma kwa chuma, na kazi ya miezi sita huungua kwa muda wa dakika chache. Basi mpwa wake aliyekuwa akikaa Marekani alimletea zawadi: kipimo kizuri cha shinikizo la oili, na kiungo chake cha shaba nyeupe kama dhahabu iliyofifia, kilichoandikwa "1/8." Swichi ya zamani nayo ilijulikana kuwa ni ya 1/8.

Mjukuu wa mzee, kijana mwenye mikono myepesi, alikiweka kiungo tunduni akakizungusha kwa vidole. Kikaingia mizunguko miwili na nusu, kikashika.

"Babu, kimekaa," akasema. "Imebaki kukazwa kwa spana tu."

Mzee akanigeukia. "Mwanangu, wasemaje?"

"Mzee," nikamjibu, "tafadhali kingoje hadi kesho. Kiungo cha hesi yake hasa kingeingia zaidi ya hapo kwa vidole. Nitaleta vipimo."

Kijana hakufurahi, na kwa kweli simlaumu. Mtu aliyefanya kazi miezi sita huona siku moja kuwa ni karne. Lakini nilikuwa nimepata kuona, katika gereji moja ambayo sitaitaja, bloku ya injini iliyotiwa ufa mwembamba kama unywele kwa kiungo kilichokazwa kwa fimbo ndefu. Ufa ule ulianzia tunduni ukashuka hadi chini, na mwenye injini akaiuza kwa uzito wa chuma chakavu.

Sasa nikueleze kwa nini vitu viwili vyenye jina moja visifaane. Zamani kila karakana ilichonga hesi kwa kadiri yake yenyewe, na nati ya hapa haikuingia katika parafujo ya pale. Mwaka 1841 Mwingereza Joseph Whitworth, baada ya kukusanya parafujo za karakana nyingi na kuzilinganisha, alitoa shauri la kipimo kimoja. Meno ya hesi yake yalikuwa na pembe ya digrii 55, na vilele vyake vilikuwa vya mviringo. Mwaka 1864, katika mji wa Philadelphia, Mmarekani William Sellers alitoa shauri jingine: pembe ya digrii 60 na vilele bapa, kwa hoja ya kwamba pembe hiyo ni rahisi zaidi kuchonga na kukagua. Kila mmoja alikuwa na sababu zake. Uingereza na nchi zilizofanya biashara nayo zikafuata njia moja, Marekani ikafuata nyingine, na hesi za mabomba za kila upande zikarithi pembe ya kwao. Nchi yetu ilipokea njia ya Uingereza pamoja na mabomba, mashine na karakana za utawala wake.

Usidhani kwamba tofauti za namna hii ni mchezo wa mafundi. Mwezi wa Februari 1904 moto mkubwa ulizuka mjini Baltimore, Marekani. Vikosi vya zimamoto vilikuja kusaidia kutoka Washington, Philadelphia, New York na kwingineko. Walikuja watu, zilikuja mashine, na maji yalikuwapo. Lakini viungo vya mipira ya vikosi vingi havikuingia katika mabomba ya mji ule, kwa sababu hesi zao zilikuwa mbalimbali. Majengo zaidi ya 1,500 yaliteketea.

Kesho yake nilifika kwa mzee na vitu vinne: mafuta ya taa na brashi laini ya waya wa shaba, kalipa ya kupimia, lenzi ya kukuzia, na kipimo cha hesi. Kipimo cha hesi ni shada la vibati vyembamba vinavyofunguka kama visu vya mfukoni; kila kibati kina meno ya namna moja, na idadi ya meno kwa inchi imeandikwa juu yake. Nilimwomba kijana afanye yeye kazi, nami nimwongoze. Nawe msomaji, fuatana naye, huenda siku moja ukahitaji.

Kwanza alisafisha. Uchafu katika mfuo wa hesi hudanganya kila kipimo kitakachofuata.

Pili alitazama kama hesi imechongoka au iko sawa. Aliipima kwa kalipa karibu na ncha, kisha nyuma yake. Hesi zilizochongoka, za Kiingereza na za Kimarekani, zina mteremko mmoja: kwa kila milimita 16 za urefu, kipenyo huongezeka milimita 1. Kwa hiyo mteremko hutenganisha iliyochongoka na iliyo sawa, ila hauwezi kutenganisha Mwingereza na Mmarekani. Iliyo sawa haizibi kwa meno yake. Huziba kwa pete ya shaba au ya mpira inayobanwa chini ya kichwa chake. Ukikuta alama ya pete kuzunguka tundu, shuku kwamba hesi ni iliyo sawa.

Tatu alipima kipenyo cha nje. Hapa kijana alicheka, maana kiungo kilichoitwa moja ya nane ya inchi, ambayo ni kama milimita 3, kilikaribia milimita 10. Hakuna ajabu. Jina hilo lilitokana na uwazi wa ndani wa mabomba ya zamani, wala si unene wa hesi. Kwa kipimo cha 1/8, hesi ya Kiingereza ina kipenyo cha milimita 9.73 na ya Kimarekani ina 10.29. Kati yao inasimama hesi ya milimita 10, ambayo hutumika katika magari mengi ya Ulaya. Ukizingatia kwamba hesi iliyochongoka hubadilika unene kwa kila hatua, utaona kuwa kipenyo peke yake chaweza kukupoteza.

Nne alihesabu meno, na hapa ndipo ukweli ulipojitokeza. Alichukua swichi ya zamani, akaweka kibati cha meno 28 juu ya hesi yake, akainua vyote mbele ya mwanga wa dirisha. Hakuna nuru iliyopenya. Alipojaribu kibati hicho hicho juu ya kiungo kipya, nuru ilionekana mwishoni mwa meno, nyembamba kama uzi wa buibui. Akabadilisha, akaweka kibati cha meno 27. Nuru ikatoweka.

Ishirini na nane na ishirini na saba: hiyo ndiyo tofauti yote. Katika mzunguko mmoja hesi hizi hupishana kwa kiasi kisichoonekana. Baada ya mizunguko mitatu zimepishana sehemu ya kumi ya milimita, yaani karibu na unene wa unywele. Kwa sababu hiyo hesi ngeni huingia kwa upole mwanzoni, kama mgeni mwenye adabu, kisha hugoma. Mtu akiongeza nguvu hapo, kiungo cha shaba hujisaga meno yake, au bloku hutanuliwa mpaka ipasuke. Na hata kisipopasuka kitu, meno hushikana mahali pachache tu. Oili yenye moto na shinikizo hupata njia yake pole pole, na mwendeshaji huja kulijua jambo hilo akiwa katikati ya mwinuko wa Mai Mahiu.

Kama huna kipimo cha hesi, usikate tamaa. Chukua kiungo unachokijua kwa hakika, ukilaze ubavuni mwa kile usichokijua, meno kwa meno, uviinue mbele ya mwanga. Vikiwa ndugu, vitaingiliana kutoka mwanzo hadi mwisho. Visipokuwa ndugu, vitaachana baada ya meno machache. Na kwa tundu la ndani, ambalo kibati hakifiki, hujaribiwa kiungo kinachojulikana, kwa vidole vitupu.

Tano, kijana alitazama umbo la meno kwa lenzi: vilele vya mviringo katika swichi, vilele bapa katika kiungo kipya. Hatua hii hudharauliwa na wengi, lakini iko mahali ambapo ndiyo mwamuzi mkuu. Katika vipimo vya 1/4 na 3/8, Mwingereza ana meno 19 kwa inchi na Mmarekani ana 18; hesabu yatosha kuwatenganisha. Lakini katika 1/2 na 3/4 wote wawili wana meno 14. Hapo kibati kinaweza kukubali, vidole vikakubali, na jina likakubali. Bali pembe ni 55 kwa 60, na vipenyo vya nje vya nusu inchi ni milimita 20.96 kwa 21.34. Katika bomba la maji uani, kosa hilo huleta tone. Katika bomba la mvuke huko Olkaria laweza kumtoa mtu uhai. Ndiyo maana mafundi wazoefu hawaridhiki na shahidi mmoja.

Jambo moja lilimsumbua kijana. "Gari ni la Kijapani," akasema, "na nati zake zote tumezifungua kwa spana za milimita. Vipi hesi ya bomba iwe ya Kiingereza?"

Ni swali zuri, na jibu lake ni historia. Wajapani walichukua hesi ya bomba ya Kiingereza wakaifanya kuwa kipimo cha nchi yao, wakaibakiza hata walipotumia milimita katika parafujo na nati. Basi mtu anayekisia kwa kutazama nchi ya gari hukosea, na anayekisia kwa kutazama nati za jirani hukosea vilevile. Kila tundu lina asili yake, na halina budi kuulizwa peke yake.

Dawa ya tatizo letu haikuwa ghali. Fundi mmoja mwenye mashine ya kukerezea huko Nakuru alituchongea kiungo kidogo cha shaba chenye nasaba mbili: upande wa nje hesi ya Kiingereza ya meno 28, iliyochongoka, ya kuingia katika bloku, upande wa ndani hesi ya Kimarekani ya meno 27, ya kupokea zawadi ya mpwa. Tulipokiweka, kiliingia kwa vidole mizunguko minne na zaidi kabla ya kushika. Kijana akaongeza mzunguko mmoja kwa spana fupi, akaacha. Hakuna aliyemwambia aache. Mkono wake mwenyewe ulimwambia. Kilikaa kama pete na chanda chake.

Siku ya kuwasha injini majirani walikuja kutazama. Injini ilikohoa, ikatoa moshi, ikashika. Mzee hakutazama moshi wala hakusikiliza majirani. Macho yake yalikuwa juu ya mshale. Ulipanda, ukapita 20, ukapita 40, na injini ilipopata kasi ukatulia kwenye pauni 50 kwa kila inchi ya mraba. Mzee alipitisha kidole chini ya kiungo, akakitazama. Kilikuwa kikavu. Akatoa leso, akajifuta uso, akasema kwamba moshi umemwingia machoni. Juma lililofuata alilipeleka gari Nakuru, kwa njia ile ile aliyopita na mkewe, na mjukuu wake akiwa kando yake.

Msomaji kijana, nimekusimulia haya si kwa sababu nadhani sote tutakuwa mafundi wa magari ya zamani. Ni wachache watakaowahi kushika bloku ya Datsun. Lakini kila mtu, katika kazi yoyote, atakutana na vitu vyenye jina moja na asili mbalimbali: dawa mbili zenye jina linalokaribiana, maneno mawili ya sheria, tarakimu mbili katika hesabu za duka. Vitaingia mizunguko miwili na nusu, kisha vitagoma. Mgomo huo mdogo ni neno la kweli ambalo kitu kinakuambia, na mwenye busara hulisikiliza. Asiye na busara hutafuta spana ndefu.

Ukiwa na nafasi, nunua kipimo cha hesi, si kitu cha bei kubwa. Na ukiwa huna fedha, weka katika kisanduku chako viungo vichache unavyovijua kwa hakika, kila kimoja kikiwa na kipande cha karatasi kinachotaja meno yake. Andika wewe mwenyewe, kwa mkono wako, baada ya kupima. Usinakili lile lililoandikwa juu ya pakiti.